Operesheni Mlichangia, Sasa Tunaomba ya Mkono

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zetu wa Chamwino, Dodoma mjini na ninyi mlio mbali.

Mama zetu walipofanyiwa operesheni ya saratani ya matiti, na wengine kuendelea na mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, mlitoa bila kuombwa mara mbili. Tunabisha hodi tena, safari hii kwa ajili ya mikono yao inayovimba baada ya matibabu hayo.

Titi likitolewa, mara nyingi na tezi za kwapani hutolewa. Njia ya limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopitia kwenye tezi hizo, ikishakatika hapo, au ikiharibiwa na mionzi, maji hutuama mkononi. Uvimbe waweza kuja baada ya miezi au hata miaka, mtu ameshashika jembe. Hapo maneno huanza: ana matende, karogwa. Mwenzetu mmoja alipelekwa kuchanjwa kwa wembe. Nia ilikuwa njema, lakini mkono wa namna ile hautaki hata mwiba wa kuni; vijidudu vikipenya, unakuwa mwekundu, unawaka moto, na homa inapanda upesi. Hiyo ni ya kukimbilia hospitali.

Mkono huu hauponi moja kwa moja, ila unatulia ukitunzwa: mazoezi, kuukanda taratibu, ngozi kupakwa mafuta isipasuke, na zaidi ya yote soksi maalumu ya mkono inayobana. Mama mmoja amefumua mkono wa kushoto wa kila gauni lake. Anajifunga bandeji ya duka la dawa, tena anakaza juu na kulegeza kiganjani, kumbe inatakiwa kinyume chake. Na joto letu la Oktoba huzidisha uvimbe.

Tunao akina mama saba. Kila mmoja anahitaji soksi mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe, nazo hulegea baada ya miezi sita hivi. Tunataka pia mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, aje awafundishe kufunga bandeji, pamoja na binti zao. Jumla ni shilingi 2,400,000; jumuiya zetu zimeshatoa 610,000.

Harambee ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya ibada ya pili. Asiye na fedha alete kuku, debe la alizeti au zabibu, tutanadi pale pale nje. Ahadi zipokelewe na mhazini wa akina mama, na risiti za manunuzi zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo.