Barua kwa rafiki anayetaka kununua gari la mwaka 1967

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, nikitumaini kuwa wewe na wote wa nyumbani kwako hamjambo. Barua yako nimeipata pamoja na zile picha saba za gari, nami nimezipanga mezani na kuzitazama moja baada ya nyingine kwa kioo cha kukuzia. Ni MGB, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, ya wazi ya mwaka 1967, nyekundu, yenye magurudumu ya spoku na bampa za kromu zinazong'aa. Najua ni kwa nini moyo wako umeenda mbio. Tangu tulipokuwa wavulana ulikuwa ukichora gari la umbo hili pembeni mwa daftari lako la hesabu, na leo hatimaye limesimama mbele yako, na mwenyewe anasema yuko tayari kuliuza.

Sikuandikii ili nikukataze. Nakuandikia kukuomba jambo moja tu: usitoe amana yoyote kabla hujaliona bati la gari hilo. Picha sita kati ya saba ulizotumiwa ni za rangi na kromu, na moja ni ya injini iliyosuguliwa ikatakata. Hakuna hata moja iliyopigwa chini ya gari, wala iliyopigwa zulia likiwa limefunuliwa. Muuzaji anakwambia kwamba gari “limekarabatiwa lote,” lakini katika picha zake sioni chochote kinachonionyesha alichokarabati zaidi ya rangi.

Naomba unielewe ni kwa nini naling'ang'ania bati. MGB haina chesi, yaani fremu ya chuma ya chini, ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chesi. Nayo ikiwa ya wazi, haina hata paa la kuisaidia kubeba, kwa hiyo nguvu zake nyingi zimo katika yale maboksi mawili marefu ya bati yanayopita chini ya milango kutoka nyuma ya gurudumu la mbele mpaka mbele ya gurudumu la nyuma. Kila boksi limejengwa kwa mabati matatu: la nje unaloliona, la katikati ambalo huwezi kuliona kamwe, na la ndani linaloshikana na sakafu. Bati la nje likioza peke yake ni hasara ya kawaida. La katikati likioza, gari linaanza kulegea kiunoni huku kwa nje likiwa bado linang'aa kama jipya.

Na kutu huanzia ndani. Tope linalorushwa na gurudumu la mbele hujikusanya nyuma ya madigadi, likashika unyevu kwa majuma mengi hata wakati wa jua; vitundu vya kutolea maji huziba; na kama gari liliwahi kukaa kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa barafu, au karibu na bahari, chumvi huiharakisha kazi hiyo. Chuma kikigeuka kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko kilivyokuwa, hivyo kutu ikiota katikati ya mabati mawili yaliyoshikanishwa, huyasukuma yakaachana. Kwa hiyo ukiona kivimbe cha rangi chenye ukubwa wa punje ya mtama kwenye ukingo wa chini wa madigadi, usidhani kwamba kutu ndiyo kwanza inaingia. Imekwisha kula ndani, na sasa inatokea upande wa pili.

Haya sikuyajua kwa kuhadithiwa. Gari langu la kwanza la zamani nililinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba bodi ilikuwa imefanyiwa kazi na fundi mzuri, na mimi niliamini kwa sababu rangi ilikuwa laini kama kioo. Miezi minane baadaye rangi ilianza kupasuka kwa mstari mwembamba juu ya gurudumu la nyuma. Fundi wangu alipitisha ncha ya bisibisi kwenye mstari ule, na kipande kizima kikang'oka mkononi mwake, kinene kama kidole gumba. Ilikuwa pati tupu, ule ujazo laini unaopakwa kusawazisha bati kabla ya rangi na kukauka ukawa mgumu. Nyuma ya pati kulikuwa na wavu wa waya, na nyuma ya wavu kulikuwa na magazeti yaliyokunjwa na kushindiliwa ndani ya tundu ili pati ipate mahali pa kushika. Karatasi zilikuwa zimelowa. Bado naukumbuka ule unyevu kwenye vidole vyangu, na jinsi fundi alivyoninyamazia kwa heshima badala ya kuniuliza nililipa kiasi gani. Lile gazeti lilikuwa likinywa maji kila mvua iliponyesha na kuyashikilia dhidi ya bati zima lililobakia. Nilitumia miaka miwili kulirekebisha, na fedha nilizotumia zingetosha kununua gari jingine lililo bora kuliko lile.

Kwa sababu hiyo, siku utakapokwenda kuliangalia, anza na milango kabla ya kitu kingine chochote. Simama pembeni mwa gari, hatua tano hivi, utazame mwanya kati ya mlango na bodi. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, ujue gari limebonyea katikati. Kisha omba liinuliwe kwa jeki taratibu upande mmoja, ufungue na kufunga mlango. Gari la wazi hujipinda kidogo hata likiwa zima, lakini mlango uliokuwa ukifunga vizuri likiwa chini haupaswi kugoma au kukwaruza likiwa juu ya jeki. Muuzaji akikataa kata kata kulitia jeki mahali pake penyewe pa jeki, basi usimbishie. Kukataa huko ni jibu tosha.

Chukua sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa laini ili isichubue rangi, uipitishe polepole kwenye ukingo wa matao ya magurudumu, chini ya madigadi na kwenye yale maboksi. Mahali ambapo haishiki pana kitu kisicho chuma chini ya rangi. Lakini usiwe mwepesi wa kuhukumu, kwa maana zamani viwanda vyenyewe vilitumia madini ya risasi kulainisha maungio ya bodi, na sumaku haishiki risasi wala haishiki aluminiamu. Palipo na kiungo cha kiwandani, utepe mwembamba usioshika sumaku unaweza kuwa halali kabisa. Katikati ya bati pana, hapana. Ukipata mtu wa kukuazima kipimo cha unene wa rangi, ni bora zaidi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni 80 na 150. Gari lililopigwa rangi mara ya pili huenda likasoma 200 au 300, na hilo si kosa. Kipimo kikisoma zaidi ya 1000, yaani milimita nzima, hapo huipimi rangi tena, unaipima pati.

Ingia ndani ya gari, ufunue zulia. Muuzaji mwema hatakasirika, tena atakusaidia kuliinua. Bonyeza sakafu kwa vidole kando ya boksi la mlango, na unuse: zulia lililowahi kulowa mara nyingi lina harufu ya uvundo ambayo manukato ya gari hayaifichi. Nyuma ya viti, chini ya kifuniko, utakuta mahali pa betri. Gari la mwaka huo lilitengenezwa na betri mbili za volti 6, kila moja kwenye kikapu chake cha chuma kinachoning'inia chini ya sakafu, na asidi ya betri pamoja na maji ya barabarani vimevila vikapu vingi vya namna hiyo. Watu wengi hupasahau hapo kwa kuwa hapaonekani, hata wakarabati wazuri, na hivyo ni mahali pazuri pa kumpima aliyelitengeneza gari: aliyejali hata vikapu vya betri, yamkini alijali na mengine.

Kisha lala chini. Nakuomba sana usione haya kuchafuka. Ukikuta chini kote kumepakwa ile lami nyeusi ya kukinga kutu, mpya, nene, bado inanukia, jiulize ni kwa nini mtu anayeuza gari ameipaka wiki chache kabla ya kuliuza. Lami iliyopakwa juu ya bati safi hulinda kwa miaka. Ile iliyopakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani na kuficha viraka. Gonga kwa kishikio cha bisibisi ukisikiliza. Bati zima hulia. Lililooza au lenye kiraka juu ya kiraka hutoa sauti ya kufa, kama unayegonga mbao iliyoliwa na mchwa. Tazama hasa pale springi za nyuma zinapofungwa kwenye bodi, kwa sababu hapo mzigo wote wa nyuma hutegemea.

Sasa nirudi kwenye hilo neno “limekarabatiwa,” maana ndilo unalotozwa bei yake. Kulibadilisha boksi la chini ya mlango inavyopasa ni kazi ngumu. Ncha za bati la nje zinaingia nyuma ya madigadi ya mbele na nyuma ya bati la ubavu wa nyuma. Ili kuzifikia, fundi anapaswa kuyafungua madigadi ya mbele, ambayo hushikwa kwa bolti, na kukata sehemu ya chini ya bati la ubavu, ambalo limechomelewa. Kabla ya kukata chochote anachomelea vyuma vya kushikilia kwenye nafasi ya mlango ili bodi isijipinde, kisha anaondoa kutu yote mpaka afike kwenye chuma kizima, na akimaliza anapulizia nta ndani ya boksi. Fundi mwenye haraka hayafanyi hayo. Huchukua bati jipya lenye umbo la lile la zamani, akalivisha juu ya lililooza, akalichomelea pembeni, akapaka pati na rangi. Kwa miaka miwili au mitatu hakuna atakayejua, ila kutu ndani yake haijalala hata siku moja.

Ndiyo maana picha za kazi ikiwa katikati zina thamani kuliko picha zote alizokutumia. Mwambie akuonyeshe gari likiwa limekatwa, na uhakikishe ni gari lilelile, kwa tundu fulani au rangi ya zamani inayoonekana pembeni. Mtu aliyelipa kwa kazi ya miezi mingi ya kuchomelea hakosi picha, wala hakosi risiti za mabati aliyonunua. Kama hana, basi mpe bei ya gari lisilokarabatiwa, au umwache.

Nami nitakwambia ninavyofikiri kweli: kati ya hilo jekundu na gari lililofifia rangi, lenye matundu ya kutu unayoyaona kwa macho, mimi ningelichukua lililofifia. Tundu unaloliona unaweza kulipigia hesabu pamoja na fundi wako kabla ya kulipa. Injini ikikushinda utaifungua na kuweka nyingine kwa siku chache, na vipuri vya MGB bado vinatengenezwa mpaka leo. Bodi iliyooza inataka mikono na saa zisizohesabika.

Lakini huenda jekundu hilo ni zuri kweli, na nikikosea nitafurahi pamoja nawe. Mwandikie muuzaji leo umwombe picha nne: ya chini ya gari upande wa dereva, ya sakafu bila zulia, ya vikapu vya betri, na ya mwanya wa mlango ikiwa imepigwa kwa pembeni kabisa. Akizituma, nitumie mara moja. Kisha tupange siku, usiende peke yako. Mimi nitakuja na jeki, tochi na ovaroli mbili.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.