Muhula wa nje: anzeni na masomo

Habari za jioni wanakikundi. Mnaotaka kwenda kusoma muhula mmoja kwenye chuo cha nje ya nchi, kaeni kwanza na mratibu wa idara hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mlinganishe masomo ya huko na ya hapa. Kwa mfano, somo la Hifadhidata (database) la huko linaweza kufanana na letu jina tu. Ombeni muhtasari wa somo, msome mada kwa mada, na idhini iwe ya maandishi. Nasisitiza, maana inauma mtu kurudi na alama nzuri halafu arudie somo. Ulaya, muhula kamili ni krediti 30 za ECTS, yaani mfumo wa vyuo vya Ulaya wa kupima uzito wa masomo. Ukikaa eneo la Schengen (nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja ya muda mfupi) zaidi ya siku 90, unahitaji viza ya muda mrefu ya nchi husika, na balozi nyingi ziko Dar, kwa hiyo tengeni nauli ya treni ya SGR. Pasipoti inaombwa mtandaoni, Uhamiaji, na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) inahitajika. Asiye nayo anifuate inboksi leo.