Barua ya Malalamiko: Diski Mliyoniuzia kwa Kikaratasi cha "Haihitaji Intaneti"

Umoja, Nairobi
17 Machi 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Gemu na Vifaa vya Elektroniki,
Luthuli, Nairobi.

Bwana Meneja,

MINT: KUREJESHEWA SHILINGI 3,500 ZA DISKI YA HITMAN 3

Jumatano tarehe 26 Februari, mwendo wa saa tano asubuhi, nilinunua dukani kwenu diski ya Hitman 3 ya PlayStation 4 kwa shilingi 3,500. Nililipa kwa M-Pesa na risiti ninayo. Juu ya kasha mlikuwa mmebandika kikaratasi cha njano kilichoandikwa kwa kalamu nzito nyeusi: HAIHITAJI INTANETI. Kikaratasi hicho ndicho kilichonitoa pesa mfukoni. Na kwa kuwa siamini kila kilichobandikwa, nilimuuliza kijana wenu wa kaunta mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Boss, hii unacheza hata ukiwa ushago." Mara ya pili hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Si nimekuambia," akasema.

Nilikuwa na sababu ya kurudia swali. Nina chumba cha gemu chenye runinga tatu, na intaneti nagawana na jirani wa ghorofa ya pili. Kisanduku cha waifai kiko kwake na kinakula stima yake. Tokeni zake za stima zikiisha, mimi stima ninayo ila mtandao sina. Gemu ya mpira haijali mambo hayo: wawili wanaketi, shilingi 20, dakika kumi, aliyefungwa anaachia pedi mwenzake. Nilitaka gemu ya pili ambayo nayo haitajali tokeni za jirani.

Tena Hitman, gemu ya kumchezesha muuaji wa kukodiwa, si ngeni kwangu. Ile Blood Money ya 2006 tuliicheza kwa PlayStation 2 pale Buruburu, vijana sita na memori kadi moja. Misheni ikiisha, lilikuwa linatokea gazeti la kubuni linalosimulia kazi uliyofanya, na kama ulivuruga mambo, gazeti linakuumbua mbele ya wenzako. Akaunti hatukuwa nazo, na seva, hizi kompyuta za mbali za watengenezaji, hatukujua ni mnyama gani. Kwa hiyo nilipoona kikaratasi chenu sikushuku lolote. Nilikumbuka Buruburu tu.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na walioitengeneza gemu hii. Hao IO Interactive wa Copenhagen, huko Denmark, wamefanya kazi ya kusifiwa. Siku kumi za kwanza, mtandao ukiwa mzima, benchi langu lilijaa watu ambao hata hawakuwa wakicheza. Kuna makanga mmoja wa laini yetu aliyeingia lile ghorofa la Dubai na bastola mkononi kama anayedai nauli. Akauawa mara nne ndani ya dakika ishirini, akaweka pedi chini na kutangaza kwamba hii ni gemu ya wazee wa kanisa. Mwanafunzi mmoja wa chuo akamjibu kwamba hii ni drafti: ukisogeza kizibo bila kuangalia pembeni, unaliwa. Mimi niko upande wa mwanafunzi. Ajenti 47, ndiye muuaji unayemchezesha, hasifiwi kwa kumwaga damu. Daraja analotafuta kila mchezaji, Silent Assassin, hupewa aliyewaua walengwa peke yao, hakuonekana, hakuacha maiti ikagunduliwa isipokuwa ionekane kama ajali, na hakubaki kwenye kamera za ulinzi. Kwa hiyo unaweza kukaa robo saa nyuma ya pazia ukingoja mlinzi mmoja amalize sigara. Makanga hawezi hilo, na simlaumu. Kazi yake haimfundishi kungoja.

Mjadala mkubwa ulikuwa wa nguo, maana 47 hujificha kwa kuvaa nguo za wengine. Walioicheza Absolution, Hitman ya 2012, wanakumbuka ilivyowakera: ukivaa sare ya polisi, kila polisi unayepishana naye anaanza kukushuku. Siku hizi wanaokugundua ni wachache, na kila mmoja wao ana kitone cheupe juu ya kichwa, hivyo unajua nani wa kumkwepa. Wengi kwangu wanaona hii ni haki zaidi. Fundi wa nguo wa mlango wa pili aliyekuja kuomba chenji alisimama pale dakika tano akicheka peke yake. Anasema ameshona miaka kumi na tisa na hajaona mtu anayevua nguo za mpishi mnene, anavaa za mlinzi mwembamba, na zote zinamkaa kana kwamba alipimwa. Halafu akauliza kwa nini hakuna anayeona ile michirizi ya msimbopau, kama ya bidhaa za dukani, kwenye kisogo cha 47 chenye upara. Hakuna aliyekuwa na jibu.

(Watoto siwaruhusu kukaribia runinga hiyo. Kasha lina namba 18 na mimi naisoma. Kijana wenu hakuigusia, ila hilo si kiini cha barua hii.)

Sasa kiini chenyewe. Jumamosi tarehe 8 Machi, saa moja na nusu jioni, fundi wa simu ambaye ni mteja wangu wa kila wiki alikuwa Dartmoor, ile misheni ya jumba la kifahari la Uingereza. Nadhani ndiyo bora kuliko zote. 47 amekuja kumuua bi mkubwa wa nyumba, Alexa Carlisle, lakini anaweza kuchukua nguo za mpelelezi aliyekodiwa kuchunguza kifo cha Zachary, kaka wa bibi huyo. Ukishavaa hivyo, unaacha kuwinda unaanza kuuliza maswali. Unapita chumba hadi chumba, unapima nani alikuwa wapi usiku ule, unapekua madroo. Fundi alikuwa ameketi kwa muda wa saa moja na nusu. Alikuwa amesevu mara tatu. Watu saba nyuma yake walikuwa wamegawanyika kuhusu muuaji, na wawili walikuwa wamewekeana soda. Akapanda ngazi kwenda kumpa bibi jibu.

Tokeni za jirani zikaisha.

Taa zangu hazikupepesa hata kidogo. Kwenye kioo likatokea tangazo kwamba muunganisho na seva umekatika. Akabonyeza kujaribu tena. Likarudi. Akabonyeza mara tano, sita, kila mara polepole zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua haina mtu. Mwishowe tukarudi kwenye menyu ya mwanzo. Gemu inakubali kufunguka bila mtandao, hilo silifichi, lakini kile alichosevu akiwa mtandaoni hakifunguki ukiwa nje ya mtandao. Na ukianza upya bila mtandao, changamoto unazokamilisha hazihesabiwi, kiwango chako cha ustadi hakipandi, na vifaa na sehemu mpya za kuanzia unazopaswa kufunguliwa kwa jasho lako hufunguliwi. Kwa gemu ambayo utamu wake ni kurudia jumba lilelile mara kumi, kila mara ukijua mlango mmoja zaidi, mlichoniuzia ni ganda bila kiini.

Fundi alikataa kulipa shilingi 120 za saa moja na nusu, na sikuwa na uso wa kumdai. Waliowekeana soda walitaka mimi niamue. Watatu walihamia chumba cha mwenzangu mtaa wa pili, na Jumamosi iliyofuata nilimwona mmoja wao akipita mlangoni kwangu bila kugeuza shingo.

Jumatatu tarehe 10 nilirudi dukani kwenu na kasha mkononi. Kijana wenu alilichukua na, huku akinieleza kwamba "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", akaanza kukwangua kile kikaratasi cha njano kwa ukucha wa kidole gumba. Nilimnyang'anya. Kona moja imeng'oka pamoja na rangi ya kasha, lakini maneno HAIHITAJI na nusu ya INTANETI bado yanasomeka, na picha nimeiambatisha. Msimamizi wake alipotoka ndani alisema niwalaumu Wadenmaki. Kisha akanipa njia ya pili: niache diski, niongeze shilingi 1,000, nichukue gemu ya mpira. Gemu ya mpira ninayo, Bwana Meneja. Ndiyo inayonilisha.

Hoja ya kulaumu Denmark haisimami. Kwamba gemu hizi zinadai seva si siri. Wachezaji wamelalamika kulihusu tangu Hitman ya 2016. Septemba 2021, GOG, duka la mtandaoni la Poland lililojijengea jina kwa kuuza gemu zisizo na kufuli za namna hiyo, liliiweka sokoni Hitman hiyo ya 2016. Wanunuzi walilishambulia kwa maoni makali wakisema yaleyale ninayowaambia nyinyi: kwamba bila mtandao nusu ya gemu inafungwa. Mwezi uliofuata, Oktoba, duka likaiondoa na kukiri kwamba halikupaswa kuiuza katika hali ile. Gemu haikuwa imebadilika hata chembe. Duka liligundua kwamba lilichowaahidi wateja na lilichowauzia ni vitu viwili, likabeba mzigo wake. Nyinyi mmekwangua karatasi.

Iwapo kikaratasi kingesema HII INATAKA INTANETI, ningewashukuru, ningerudisha kasha kwenye rafu na kununua kitu kingine humohumo dukani kwenu. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayonunua, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 haikubali muuzaji atoe maelezo ya uongo kuhusu mali yake. Mstari wenu wa "hairudishwi" hauwezi kufuta hayo. Mali iliyouzwa kwa maneno yasiyo ya kweli hairudi kuwa halali kwa sababu risiti ina wino.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie shilingi 3,500 kwa namba ileile niliyolipia, nami niwaletee diski na kasha vyote. Diski haina mkwaruzo, na akaunti yangu nimeitoa. Sidai zile 120 za fundi wala wateja waliohama, ingawa ningeweza. Pia mbandue vile vikaratasi vya njano kwenye rafu ile. Siku niliyorudi nilihesabu makasha manne ya Hitman yenye maneno hayohayo, na najua angalau mtu mmoja wa Kayole aliyetoka na la tano nikiwa bado nabishana na msimamizi wenu.

Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita kimya, nakala yake itakwenda Mamlaka ya Ushindani, inayopokea malalamiko ya watumiaji, nami nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Nimeshauliza ada yake.

Mkiamua mapema, napatikana chumbani kuanzia saa nne asubuhi siku yoyote isipokuwa Jumamosi, na namba yangu iko kwenye ujumbe wa malipo. Naomba tu mlipe kabla ya mwisho wa mwezi, maana fundi wa simu bado ananiuliza nani alimuua yule kaka wa Dartmoor. Mimi najua, lakini nimemwambia asubiri acheze mwenyewe.

Wako mwaminifu,

Mwenye chumba cha gemu, Umoja

Viambatisho: nakala ya risiti, ujumbe wa malipo, picha 2 za kasha.