Mashindano ya wazi ya uchoraji hayakuwa wazi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukuandikia hata mara moja. Taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu mashindano ya wazi na maonesho ya uchoraji wa kisasa hapa Dar es Salaam ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa mwandishi wenu aliwasifu waandaaji kwa kumkaribisha kila mchoraji. Mimi nilifika kwenye mlango huo na sikukaribishwa.

Picha niliyoipeleka inaonesha watu wakivuka bonde la Jangwani, hapa jijini, wakati wa mafuriko, maji yakiwa kiunoni, na mama aliyembeba mwanawe mabegani. Niliichora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Niliifunga kwa kanga mbili za mke wangu, nikatoka Mbagala alfajiri na kulipa nauli ya watu wawili kwenye daladala ili isikanyagwe. Binti wa mapokezi aliniamkia vizuri, na simlaumu kwa lolote. Alinieleza kwamba kazi hutumwa kwanza kwa intaneti, pamoja na maelezo ya msanii kwa Kiingereza. Nilipoomba kumwona mhusika, alitoka bwana mmoja ambaye hakusubiri hata nifungue kanga ya pili. Aliiona pembe moja tu, akasema hiyo ni Tingatinga, ni sanaa ya kuwauzia watalii, na kwamba wao wanatafuta sanaa ya kisasa.

Mhariri, kauli hiyo imeniuma kuliko nauli. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alitumia hadibodi na rangi ya baiskeli kwa sababu ndivyo vitu alivyovimudu, na kutokana na vitu hivyo ukazaliwa mtindo ambao wachoraji wa Morogoro Stores, Oysterbay, wanarithishana hadi leo. Picha yangu haina chui wala twiga, wanyama ambao mtindo huo unajulikana nao. Kinachoiunganisha na kazi za mzee yule ni ubao na kopo la rangi, na hata ingekuwa na chui, ilistahili kutazamwa kwanza. Je, usasa umo katika turubai lililoagizwa kutoka nje, au katika jambo linalotupata sisi tunaoishi leo? Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro, alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na mwaka 1960 picha hiyo ikachukuliwa na jumba la makumbusho la New York ambalo jina lake lenyewe ni la sanaa ya kisasa. Huko pombe ya ndizi ilionekana kuwa ya kisasa, lakini hapa nyumbani mafuriko ya Jangwani, ambayo sote tumeyavuka, yanaitwa bidhaa ya watalii na mtu ambaye hajaiona picha nzima.

Wala sishangai sana, kwa maana tunavuna tulichopanda shuleni. Mjukuu wangu yuko darasa la tano, na kipindi chake cha kuchora hutumika kurudia hesabu kila mtihani unapokaribia. Mtoto asiyefundishwa kuitazama picha, akikua na kupewa kazi ya kupokea picha za wengine, atatazama kitu gani zaidi ya aina ya ubao?

Mwakani waandaaji watenge siku tatu za kupokea kazi mkono kwa mkono, moja Mbagala, moja Buguruni na moja Tegeta, jaji akiwepo mwenyewe. Maelezo yapokewe kwa Kiswahili. Kazi itakayokataliwa irudishwe ikiwa na sababu iliyoandikwa nyuma ya ubao, hata kama ni mistari miwili, na jaji asiiandike kabla ya kuitazama picha nzima mbele ya aliyeichora.

Mchoraji,
Mbagala, Dar es Salaam