Barua ya malalamiko: kengele inayozimika pamoja na stima

Donholm, Nairobi
3 Machi 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Kwa Bwana/Bibi,

MINTARAFU: KIFURUSHI CHA SAFARI KILICHOSHINDWA KAZI

Mwezi wa Januari mliniuzia betri ya akiba na kifaa cha kutuma taarifa kwa shilingi 14,800, mkanihakikishia kwamba naweza kusafiri wiki mbili nisiwaze bustani yangu ya haidroponiki, yaani mboga zinazokuzwa kwa maji ya virutubisho bila udongo. Fundi wenu ndiye aliyevifunga. Ujumbe wa malipo ya M-Pesa nimeuambatisha.

Ijumaa, tarehe 14 Februari, nilielekea Bungoma kwa matanga ya shangazi. Kabla ya kutoka nilijaza tangi na kupima maji: pH (kipimo cha uchachu) 6.0, EC (kipimo cha wingi wa virutubisho) 1.5, pale pale saladi inapopenda. Mama wa mlango wa pili nilimwachia ufunguo. Tulikubaliana kwamba nikipata ujumbe wa hitilafu nitampigia, naye ataingia kumwagia mizizi maji kwa jagi.

Jumapili stima ilipotea kuanzia saa nane mchana hadi saa tatu usiku. Ujumbe haukuja. Niliporudi tarehe 23 nilikuta saladi na dania za mashimo yote 48 ya mabomba zimelala kama matambara, mizizi imekuwa ya kahawia, na tangi linanuka mtaro.

Nilifuata nyaya moja baada ya nyingine. Betri ni nzima, tena imejaa. Ila fundi aliiunganisha na skrini ya kidhibiti, kile kinachoonyesha vipimo vya maji, peke yake. Pampu ya kuzungusha maji aliichomeka ukutani. Kwa hiyo saa saba nzima skrini iliwaka, ikionyesha pH nzuri ya maji yasiyokwenda popote. Na mfumo wenyewe, ambao pia niliununua kwenu, ni ule wa mabomba yaliyolazwa, maji yakipita chini ya mizizi kama utando. Hauna udongo wala kokoto za kushika unyevu. Pampu ikisimama kwenye roshani inayopigwa na jua la alasiri la Februari, mizizi haiwezi kungoja hadi usiku. Hilo mnalijua kuniliko.

Ujumbe nao una kisa chake. Kifaa chenu hutumia waifai, na rauta ya waifai hutumia stima. Yaani mlinzi mliyeniuzia huzimia mwizi anapobisha hodi. Nilipopiga simu, kijana wenu aliniambia, kwa upole kweli, kwamba mtandao wa nyumbani ni jukumu la mteja. Neno hilo ningelisikia siku ya kulipa, ningejua la kufanya.

Kinachoniuma zaidi ni ndoo. Pembeni nilikuwa nimepanda miche miwili ya sukuma wiki katika ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, nusu ya mizizi ndani ya maji ya virutubisho, nusu hewani, bila pampu wala waya. Niliikuta imenawiri, maji yamepungua tu. Ndoo yenyewe ni ile iliyokuja na rangi ya kupaka ukuta.

Nataka mnirudishie pesa ya kifaa cha taarifa, au mniletee chenye laini yake ya simu na betri yake. Pampu iunganishwe na betri, na fundi azime swichi kubwa mbele yangu tuone maji yakiendelea kutembea. Wateja wengine waliofungiwa na fundi huyo wajulishwe pia. Sidhani ni mimi peke yangu.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ya habari zinazohitajika ili anufaike nazo. Nawapa siku 14. Zikipita bila jibu, nitapeleka picha na malipo yangu katika Mahakama ya Madai Madogo.

Miche mipya imo mabombani tayari, na Pasaka nasafiri tena.

Wenu,
Mteja wa Donholm