Kwa Nini Lami Inayopitisha Maji Inagharimu Zaidi ya Lami ya Kawaida

Masika ya mwaka juzi, mteja mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, aliishika karatasi yetu ya makadirio mkononi, akasema mbele ya majirani zake kwamba sisi mafundi wa kutandaza lami tunauza matundu. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka: ikiwa lami ya kawaida ina kokoto, mchanga na vumbi la kokoto, na hii inayopitisha maji imeondolewa karibu mchanga wote na vumbi lote, iweje kitu kilichopunguzwa kiuzwe ghali kuliko kilichokamilika? Hakuwa wa kwanza kuuliza hivyo, kwani tumeulizwa Igoma, tumeulizwa Kirumba, na wiki iliyopita tumeulizwa tena kwa simu na mtu anayejenga nyumba ya wageni karibu na ziwa. Tumeona ni haki ya wateja wetu kupata jibu lililoandikwa.

Katika lami ya kawaida, chembe ndogo hujaza nafasi zilizo kati ya kokoto, hivyo baada ya kushindiliwa hubaki hewa ya takribani asilimia 4 hadi 7 tu, na maji hayana njia. Katika lami ya matundu, kama vijana wetu wanavyoiita, nafasi hizo huachwa makusudi zifikie takribani asilimia 18 hadi 22, tena ziwe zimeungana kutoka juu hadi chini. Kokoto hubebana zenyewe kwa zenyewe, na kinachozishika ni utando wa lami yenyewe peke yake, yaani ule uji mweusi unaonata. Utando huo ukiwa mwembamba kokoto zitang'oka. Ukiwa mnene bila msaada, lami huchuruzika kutoka kwenye kokoto na kutuama kwenye sakafu ya lori kabla halijafika kazini. Ndiyo maana tunatumia lami iliyoongezwa polima (kitu cha jamii ya plastiki) na nyuzi za selulosi, yaani nyuzi za mimea, za kuishikilia, na vitu hivyo havipatikani kwa bei ya lami ya kuziba viraka.

Kokoto nazo lazima ziwe ngumu, za saizi moja, na zilizooshwa. Kabla ya kupokea mzigo, msimamizi wetu hutia makoleo mawili ya kokoto katika nusu pipa la maji na kukoroga. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, lori linarudi machimboni, hata kama dereva amekasirika na siku ya kazi imepotea. Tumewahi kurudisha malori mawili katika asubuhi moja, na gharama ya vijana waliokaa bila kazi siku ile tuliibeba sisi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha ya mteja imelala mahali asipopaona. Chini ya lami tunaweka tabaka la kokoto kubwa zilizooshwa, ambalo ndilo ghala la maji, na kati ya kokoto hizo karibu asilimia 40 ni nafasi tupu. Chukua uwanja wa mita za mraba 200. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu yake, hizo ni lita 10,000 za maji, na ili zihifadhiwe zote zikisubiri kuzama ardhini zinahitaji kokoto za kina cha karibu sentimita 13. Ukielekeza hapo pia maji ya paa lenye ukubwa huohuo, kina kinakuwa maradufu. Udongo unaochimbwa lazima usombwe, kitambaa cha kuchujia lazima kitandazwe pembeni ili udongo usiingie kwenye kokoto, na sakafu ya shimo lazima iwe tambarare na isishindiliwe kwa rola, kwa sababu udongo ulioshindiliwa haunywi maji.

Hapa ndipo njia ya mkato inapoanzia. Yule mteja wa Nyakato alipata mafundi wengine waliomwambia kwamba kokoto za chini ni ujanja wa kumwongezea bei. Walimwaga changarawe, wakaishindilia vizuri kama inavyofanyika kwa lami ya kawaida, kisha wakatandaza juu yake sentimita 5 za lami ya matundu. Siku ya kwanza ilipendeza, na mvua ya kwanza ilipotea machoni kama alivyotarajia. Lakini maji yaliyopenya lami yalifika kwenye changarawe iliyoshindiliwa yakakwama, changarawe ikalowa wiki nzima, na kabla masika haijaisha magari yalikuwa yameacha mifereji ya magurudumu ya kina cha kiganja. Alipotuita, tulikata kipande cha lami kwa mashine, tukakiinua, na chini yake tukakuta tope laini ambalo kidole kilizama bila kusukumwa. Alilipa mara ya kwanza kutandaza, mara ya pili kubomoa na kusomba, na mara ya tatu kujenga upya kwa makadirio yaleyale aliyokuwa ameyakataa. Hatukumwongezea hata shilingi moja juu ya karatasi ya mwanzo, na tunalisema hilo kwa sababu bado wapo wanaodai kwamba tulimkomoa.

Wateja wengi wameona video za barabara za Ulaya zinazomeza maji, wakadhani ni kitu kilekile. Nchini Uholanzi sehemu kubwa ya barabara kuu za mwendo kasi zina lami ya matundu, na Japani pia inaitumia sana, lakini kule ni tabaka jembamba lililowekwa juu ya lami isiyopitisha maji. Maji hushuka ndani ya tabaka hilo kisha hutoka pembeni mwa barabara, na faida yake ni kwamba magari hayarushiani maji, matairi hayaelei, mng'ao wa taa usiku hupungua na kelele za magurudumu pia hupungua. Magari yaendayo kasi husukuma na kunyonya maji kwenye matundu, na kwa namna hiyo huyasafisha. Njia za dharura za pembeni, ambazo hazipitwi na magari, huziba upesi na husafishwa kwa mashine. Uwanja wa nyumbani au wa duka, ambamo magari huingia polepole, uko katika hali ya njia ile ya pembeni. Unaofanana na kazi zetu ni uwanja wa kuegesha magari wa bwawa la Walden Pond, Massachusetts, nchini Marekani, uliojengwa mwaka 1977 ukiwa na ghala la kokoto chini yake.

Tunaipenda kazi hii kwa sababu ya jiji letu lenyewe. Mwanza ni vilima na miamba, na kila uwanja unaosakafiwa huongeza maji yanayoteremka kwa kishindo hadi mitaroni, yanaingia Mto Mirongo na kuishia ziwani pamoja na mafuta ya magari na uchafu wa mitaa. Uwanja unaoyapokea maji yake wenyewe humpunguzia jirani wa bondeni mzigo, na hilo ni jambo tunaloliona kwa macho kila masika.

Lakini hatumfichi mtu udhaifu wake. Hewa na maji vikiingia ndani, lami huzeeka upesi na kokoto za juu huanza kung'oka, kwa hiyo maisha yake kwa kawaida ni mafupi kuliko ya lami ya kawaida. Lori likigeuza magurudumu likiwa limesimama huichubua. Dizeli na petroli huilainisha, hivyo hatuiweki kwenye gereji. Kinachoiua zaidi, hata hivyo, ni mchanga. Mteja wetu mmoja wa Buzuruga alishusha Fuso nzima ya mchanga juu ya uwanja wenye miezi minne, akachanganyia zege hapohapo kwa ajili ya ukuta. Mchanga tuliweza kuunyonya kwa mashine. Maji ya saruji yalikuwa yamegandia ndani ya matundu, na mita za mraba kama 30 ilibidi zikatwe. Mwingine aliona uwanja umepauka, akaupaka lami nyeusi ili ung'ae, na kwa mchana mmoja akayaziba matundu yote aliyoyalipia.

Ziko kazi tunazozikataa. Kwenye miteremko ya Isamilo au Bugando maji hukimbilia upande wa chini wa ghala na kufurika hapo, kwa hiyo mteremko ukizidi asilimia 5 tunashauri lami ya kawaida na mtaro mzuri. Mahali ambapo mwamba uko karibu na uso wa ardhi maji hayana pa kwenda. Karibu na kisima cha maji ya kunywa, ndani ya mita 30, hatuweki, na karibu na shimo la maji taka pia hatuweki. Kwa kila eneo tunachimba shimo la majaribio, tunalijaza maji na kupima yanavyoshuka. Yakishuka chini ya takribani milimita 13 kwa saa, lazima liwekwe bomba la kutolea maji, na hilo huongeza bei.

Karatasi yetu ya makadirio sasa inaonyesha kila tabaka na bei yake, pamoja na ukaguzi wa mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika. Tunakuja na mashine ya kunyonya vumbi na ndoo ya lita 20, tunamwaga maji mahali panne mbele ya mwenye uwanja, na palipoanza kutuama tunapasafisha siku hiyohiyo. Uwanja wa Nyakato tuliukagua mwezi uliopita. Kona moja tu, chini ya mwembe, ndiyo iliyohitaji kusafishwa.