Kabla hujawavisha mafundi miwani

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salamu kwako, kwa mama na kwa wadogo zako. Sisi hatujambo. Rasimu ya utafiti wako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi.

Wazo la kumvisha fundi miwani ya uhalisia ulioongezwa, imwonyeshe mshale juu ya boliti ya kufungua, nalipenda tangu uliponisimulia. Kinachonikosesha usingizi ni ukurasa wa nne. Washiriki ni wanafunzi wako 20, wote wataanza na kitabu cha maelekezo, wamalizie na miwani, kisha uwaulize kama wameipenda. Usifanye hivyo, nakuomba.

Mimi yalinikuta. Katika utafiti wangu wa shahada kila mtu alianza na skrini akamaliza na miwani. Muda ukapungua, nikafurahi. Siku ya kuwasilisha nikaulizwa swali moja tu: unajuaje kwamba si mazoezi? Sikuwa na jibu, kwa sababu mtu akishafungua kitu mara moja, mikono inajua njia. Nilirudia kazi ya miezi mitatu. Wewe wagawe mapema, nusu waanze na kitabu na nusu waanze na miwani. Kazi zenyewe zilingane kwa ugumu, lakini zisiwe zilezile.

Na wanafunzi uwaache, uwatafute mafundi wenyewe. Henderson na Feiner wa Chuo Kikuu cha Columbia, mwaka 2009, waliwachukua makanika sita wa kikosi cha Marine cha Marekani wakawaingiza ndani ya mnara wa gari la deraya, kile chumba kidogo cha silaha juu yake. Sita tu, lakini kila mmoja alifanya kazi 18, mahali penyewe palipobana. Walilinganisha vitu vitatu: skrini ya kawaida, miwani yenye alama zilizokaa juu ya kifaa halisi, na miwani yenye maelezo yasiyofuata mwelekeo wa kichwa. Hicho cha tatu ndicho kilichonivutia, maana bila hicho usingejua kama kinachosaidia ni alama kukaa mahali pake au ni kule kuvaa miwani tu. Alama ziliwafanya waone pa kugusa haraka kuliko kwa skrini. Kumaliza kazi, hata hivyo, hawakuwa wepesi zaidi. Wangepima muda wa jumla peke yake, faida yote ingewapita. Kwa hiyo pima muda wa kutafuta peke yake, na wa kufungua peke yake. Hesabu na makosa pia: Tang na wenzake, mwaka 2003, waliwapa watu matofali ya kuchezea wayapange, na kwa miwani yenye maelekezo yaliyokaa juu ya matofali yenyewe makosa yalipungua kwa asilimia 82.

Kuna jambo ambalo rasimu yako haikuligusa kabisa. Mshale unavuta macho. Marubani waliojaribiwa na NASA kwenye mashine ya kuigiza urukaji, wakisoma maelezo yaliyooneshwa mbele ya kioo, baadhi yao hawakuiona ndege iliyokuwa imeziba njia ya kutua. Weka basi kitu ambacho miwani haikisemi, labda bomba linalovuja mafuta pembeni, uone nani atalitambua. Fundi asiyeliona yuko hatarini, hata kama amemaliza mapema.

Dodoso la NASA-TLX la mwaka 1988, lenye vipimo sita vya mzigo wa kazi, ni zuri, ila tafsiri yako inanitatiza. “Juhudi” na “mzigo wa akili” umeviandika karibu sawa. Fundi ataweka alama moja kwa vyote viwili. Mpe mtu asiyeujua utafiti akurudishie kwa Kiingereza, tuone kinachotoka. Halafu usiligawe wewe mwenyewe. Unawajua watu wetu: fundi aliyekaribishwa chai na soda hatakuambia usoni kwamba miwani yako inamuumiza kichwa. Atasema, “Nzuri, dada.” Mtume mtu mwingine, na wewe usiwe chumbani. Kichwa kuuma na kichefuchefu viulizwe peke yake, kabla na baada ya kuvaa.

Nitakuwa Dar wiki ya pili ya mwezi ujao. Tafuta mafundi wawili wa kujaribia kwanza, mimi nitashika saa na daftari, wewe ukae nje. Tusianze na kundi zima mpaka hao wawili wamalize.

Wako akupendaye,
Zuhura